Kompyuta Iliyowaka Upesi Mno

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kompyuta ya steshenari imeganda mara tatu kabla ya chai. RAM, yaani kumbukumbu yake, ni giga moja tu! Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, ninayo, sawa, lakini madirisha yake ni mazito kwa mashine kuukuu. Mama Dorotea, mwenye fremu, amesema wazi kwamba kibaraza kimoja hapa Ilemela hakihitaji steshenari mbili. Mzee Shimba anakuja Alhamisi kuchapisha mabango ya mashindano ya ngoma kule Magu. Atakayepata kazi hiyo atabaki, mwingine afungashe. Huyo mwingine lazima awe Okech, jirani yangu.

Jumanne, 3 Juni
Nimeweka XFCE, madirisha ya aina nyingine ya Linux. Nyepesi, ina menyu, ina picha za kubofya. Queen, mchapaji wangu, amefurahi mpaka akaimba. Mchana nikachungulia kwa Okech. Naye anatumia XFCE! Nimeifuta papo hapo. Siwezi kuvaa sare na adui. Queen ameacha kuimba.

Jumatano, 4 Juni
Dawa nimeipata: madirisha yaitwayo i3. Haina menyu, haina picha, kila kitu ni vitufe vya kibodi. Kumbukumbu inaidokoa tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna mwingine atakayeweza kuitumia, kwa hiyo hakuna atakayeweza kunifukuza. Kipanya nimekifungia kwenye droo. Queen akauliza aanzie wapi. Nikamwambia akariri michanganyiko ishirini na sita ya vitufe. Akasema aliajiriwa kuchapa, si kufanya mtihani. Mimi mwenyewe nimekariri tisa. Inatosha.

Alhamisi, 5 Juni
Aibu. Mzee Shimba kaingia. Shikamoo, marahaba. Nikawasha. Desturi yetu inajulikana: unamsalimu mzee, unauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, na ukifika kwenye mpunga kompyuta nayo imewaka. Leo iliwaka kabla sijafika kwa watoto. Nikaziacha salamu njiani, nikamwambia tuanze kazi. Mzee akatazama kioo. Cheusi kitupu, kamstari kamoja chini. Akavua kofia, akanipa pole, akasema hata mashine zina siku zake.

Nikamwambia ni nzima. Nikabonyeza. Likafunguka dirisha, likafunguka jingine, na jingine, mpaka kioo kikagawanyika vipande saba na bango likabaki na upana wa kidole. Mzee akauliza kama wachezaji wake watalazimika kukonda. Namna ya kufunga dirisha haikuwa miongoni mwa zile tisa.

Akahamia kwa Okech. Kompyuta ya Okech ilichukua dakika nne kuwaka. Mjaluo yule wa Rorya akazitumia zote, tena kwa Kisukuma, akaulizia ng'ombe mmoja mmoja. Kazi akapewa. Mimi ndiye Msukuma! Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Dorotea kaja na futikamba. Okech anabomoa ukuta uliotutenganisha. Queen ameajiriwa upande wa pili, na anaimba. Vyombo vyangu vyote viko sebuleni. Mke wangu, Sabina, ameuliza vitakaa mpaka lini.

Jumamosi, 7 Juni
Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. i3 ilikuwa nzito mno. Ipo nyingine, dwm, nyepesi zaidi, ambayo hata rangi huibadilishi bila kuandika msimbo. Nimeiweka kwenye kompyuta ya Sabina. Ni mwalimu, na Jumatatu asubuhi anatakiwa kuwasilisha matokeo ya shule nzima. Bado hajui. Atafurahi sana.