Ombi la Kurudishiwa Kelele Yangu ya Kamba

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Sabuni,
Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia.

Alhamisi, mchana

Ndugu Meneja Utumishi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mezani kwako ofisini. Kama umeifungua ukiwa nyumbani, tafadhali ikunje uirudishe kwenye bahasha, maana simwandikii shemeji yangu, kaka wa mke wangu, niliyekula naye Jumapili. Namwandikia Meneja. Shemeji ni mtu wa huruma na angenielewa haraka, na mimi sitaki upendeleo. Nataka haki.

KUHUSU: MAFUNZO YA MAWASILIANO KWA TIMU YA KUVUTA KAMBA, NA JINSI YANAVYOTUMALIZA

Mimi ni fundi wa mashine ya kukatia sabuni. Zaidi ya hapo, kama unavyojua, kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikisimama pembeni ya kamba kwenye michezo ya viwanda na kupiga kelele ya "Vuta!" Wavutaji ni wanane, mpiga kelele ni mmoja. Sauti hii sikuisomea. Niliipata kwa kufanya kazi kwenye mashine ambayo ukitaka kumwomba mwenzako spana, lazima wasikie mpaka walio barabarani. Kwa sauti hiyo tumeleta vikombe vinne. Vipo pale mapokezi, kimoja kinawekewa kalamu.

Mwaka jana tulivutwa na kiwanda cha magodoro, tena tulivutwa vibaya, hata dereva wetu wa lori akaacha kiatu uwanjani. Wewe ukaona tatizo letu ni mawasiliano. Ukatuletea Mwalimu wa Mawasiliano, mama mpole mwenye kalamu za rangi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Wiki ya sita hii tunakutana naye kantini baada ya kazi. Sina ugomvi naye. Ni mtu mwema, hata nikikasirika huniambia nimekasirika vizuri. Lakini Jumatatu alipendekeza kwako kwa maandishi kwamba nafasi ya mpiga kelele ifutwe kabisa, ili timu iwe inaamua kwa pamoja wakati wa kuvuta. Nimesikia utatoa uamuzi kesho Ijumaa. Fainali ni Jumamosi, na tunakutana na magodoro walewale. Nisiposimama pale Jumamosi, Ndugu Meneja, sijui nitasimama wapi tena. Nasema ukweli, roho inaniuma.

Najua utasema mbona fainali tumefika tukiwa na mafunzo. Naomba ninyooshe maelezo. Raundi ya kwanza, lori la wapinzani liliharibika njiani hawakufika. Nusu fainali, wapinzani walitusikia tukiwasiliana, wakacheka mpaka wakaachia kamba. Hawa magodoro hawacheki. Nawajua.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate shida kuyajibu moja moja.

1. Mwiko. Mwalimu alituambia kwamba watu husikilizana vizuri kama anaongea mmoja tu, na ili ajulikane ni nani, lazima awe ameshika kitu. Kilichokuwa karibu kilikuwa mwiko wa kantini. Tangu siku hiyo, asiyeshika mwiko haruhusiwi kufungua mdomo. Ndugu Meneja, kamba inavutwa kwa mikono miwili. Ukimpa mtu mwiko, unabaki na wavutaji saba na nusu. Na mimi, mpiga kelele, Jumanne nilisimama dakika nne nzima nikiwa na "Vuta" kooni, kwa sababu mwiko ulikuwa kwa dereva, na dereva alikuwa bado anafikiria la kusema. Sizungumzii chakula cha mchana, ambacho siku hizi mpishi anakikoroga kwa rula ya stoo.

2. Sifa. Tumefundishwa kwamba ukitaka kumkosoa mwenzako, mtangulizie sifa mbili. Wiki iliyopita, kwenye mazoezi na idara ya kufungasha, dereva aliteleza akakaa chini katikati ya mchezo. Zamani ningemwambia "Amka!" Safari hii mpishi, ambaye huvuta nyuma yake, alianza kwa kumsifu kwamba viatu vyake vinang'aa. Kisha akamsifu kwamba ni mtu anayewaheshimu wazazi wake, jambo ambalo ni kweli na silipingi. Alipofika kwenye habari ya kuamka tulikuwa tumeshaburutwa mpaka kwenye maua ya Mkurugenzi. Yale maua unayoulizia kila siku, basi ndivyo yalivyokufa.

3. Neno lenyewe. Nimeelezwa kwamba "Vuta" ni amri, na amri humfanya mtu ajisikie mdogo. Nimepewa badala yake sentensi ya kujieleza: "Mimi najisikia vizuri sana ninapoona kamba inakuja upande wetu." Nimeipima kwa saa ya mashine yangu. Kwa muda wa kuisema sentensi hiyo mara moja, mashine inakata vipande kumi na vinne vya sabuni.

4. Kuhakikisha umeelewa. Kila anayeambiwa jambo anatakiwa alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Nikasema kamba ikija upande wetu najisikia vizuri. Karani wa mapokezi akasema, nilivyokuelewa, ungependa tuvute. Nikasema ndiyo. Mpishi akasema, kwa hiyo kuvuta kungekufurahisha. Nikasema sana. Dereva akauliza kama ni kuvuta sasa hivi au kwa ujumla. Wako wanane, Ndugu Meneja. Wote walinielewa kuliko nilivyowahi kueleweka maishani mwangu, na hakuna aliyevuta.

5. Kujali upande wa pili. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Jana Jumatano, idara ya kufungasha walikuja watano tu, kwa hiyo walikuwa wamelemewa, wamebakiza hatua mbili tu. Dereva akawauliza, kwa sauti ya upole kabisa, wanajisikiaje wakivutwa hivyo. Wakasema wanajisikia vibaya. Dereva akaachia kamba. Mpishi naye akaachia. Kufikia hapo mwiko ukapelekwa upande wa pili ili na wao wapate nafasi ya kujieleza, na umerudi leo asubuhi tu.

6. Nyumbani. Hapa naomba Meneja atoke nje kidogo, anibakishie shemeji. Shemeji, mke wako amemsimulia dada yako habari za mafunzo haya. Dada yako ni fundi cherehani, anapenda vitu vyenye kipimo, kwa hiyo ameyapokea mazima. Ameniambia kwamba meza yetu ina upana wa pima moja, na hakuna sababu ya jirani wa tatu kujua kwamba nimeomba chumvi. Amenunua mwiko mpya. Anao yeye. Siku tatu sasa mimi ni baba wa nyumba ninayenyoosha kidole kuomba maji, na watoto wanaona raha. Meneja anaweza kurudi.

7. Nanga. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Nanga, kama unavyomfahamu, ni yule mtu wa boila, mkubwa kama boila lenyewe, anayekaa mkiani na kuzungusha kamba kiunoni. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kusema lolote. Tulimpenda kwa hilo. Wiki mbili zilizopita Mwalimu alimpa mwiko, akamwambia amwage ya moyoni. Nanga akamwaga. Aliongea dakika arobaini, chai ikapoa, mlinzi wa getini akaja kuchungulia akakaa. Alisema jina la Nanga hakulichagua. Alisema miaka yote hii amekuwa mkiani akiangalia visogo vya watu, na kwamba angependa angalau mara moja katika maisha yake asimame mbele, awaone wapinzani usoni. Timu nzima ilitokwa na machozi. Mimi pia yalinitoka, nakiri, lakini mimi nilijua nalia nini. Wakampeleka mbele palepale. Mkiani wamemweka karani wa mapokezi, binti mwenye bidii ambaye uzito wake ni kama katoni tatu za sabuni, tena zile ndogo. Tangu siku hiyo hatujashinda hata zoezi moja. Idara ya kufungasha wanatuvuta huku wanakula karanga.

Baada ya kutafakari, Ndugu Meneja, nimegundua chanzo cha yote. Kiwanda hiki kimeenda vizuri miaka yote kwa sababu hakuna aliyejua mwenzake anafikiria nini. Mpishi hakujua kwamba dereva haipendi supu yake, akaipika kwa moyo mkunjufu. Dereva hakujua kwamba karani hupenda kukaa kiti cha mbele kwenye lori, akamweka nyuma na sabuni, na karani hakulalamika. Sasa wanajuana. Supu imebadilika, kiti kimekuwa na zamu, watu wanasalimiana kwa kirefu kwenye korido, na kengele ya kazi inalia peke yake. Leo wanaelewana wanane. Kesho wataelewana na idara ya kufungasha. Mwezi ujao kiwanda kizima kitakuwa kinaelewana, na hapo nani atakata sabuni?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mwalimu ahamishiwe idara ya mauzo, wao kuongea ndiyo kazi yao na hawawezi kuharibika zaidi. Mwiko urudi jikoni, ukisindikizwa na mlinzi. Nanga arudi mkiani na kwenye ukimya wake. Wafanyakazi wote wazuiwe kuelewana, angalau mpaka Jumapili. Na mimi nirudishiwe "Vuta" yangu, yenye herufi nne, isiyomsifu mtu. Timu hii inavutwa na sauti yangu, Ndugu Meneja. Ukiitoa, unabaki na watu wanane wameshika kamba.

Nisalimie katibu muhtasi wako, na mzee wa faili, na yeyote anayepita hapo mlangoni. Kwa upande mwingine wa bahasha, msalimie mke wako, ingawa ndiye aliyeniponza. Msalimie mama mkwe, mwambie mguu wake nimeuulizia. Watoto wote nawasalimu kwa majina yao, siyaandiki yasije yakaingia kwenye faili. Nakutakia uamuzi mwema.

Mtumishi wako mtiifu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na baada ya hapo mume wa dada yako,

Mkata Sabuni

NYONGEZA, Alhamisi jioni. Kabla ya kuileta barua hii nilipita mazoezini, ili nisije nikasemwa kwamba nimesusa. Mwalimu alikuwa anamuuliza kila mmoja ni kitu gani humsaidia kuvuta. Nikakaa mbele kabisa nisikie sauti yangu ikitajwa. Dereva akasema huwa hanisikilizi, yeye huvuta akihisi kamba imeshtuka kutoka nyuma. Mpishi akasema hivyohivyo. Wote saba wakasema hivyohivyo, na kamba hushtuliwa na Nanga. Mwiko ukamfikia Nanga. Akasema kule mkiani, na kelele za mashabiki zile, na masikio yake yaliyochoshwa na boila, sauti yangu hajawahi kuisikia hata siku moja. Huwa anaangalia magoti yangu. Kumbe kila ninapotaka kupiga kelele, kwanza nakunja magoti. Nikikunja, yeye anavuta. Kelele ikifika, kazi imeshaanza zamani. Alidhani ndiyo ishara tuliyokubaliana, na kwamba niliibuni kwa ajili yake. Akasema akiwa mbele hanioni, nabaki nyuma ya bega lake, ndiyo maana tunavutwa. Wapinzani ameshawaona usoni na hawana lolote la kuangalia. Akaomba mwenyewe arudi mkiani.

Tukajaribu. Nikafunga mdomo, nikakunja magoti. Idara ya kufungasha tuliwavuta mpaka kwenye ngazi za stoo, karanga zao zote chini. Tukarudia mara mbili, ikawa vilevile.

Niliumia, Ndugu Meneja, sikufichi. Nilikwenda bombani nikanawa uso nikakaa huko kidogo. Halafu nikawaza kwamba miaka kumi na moja kuna mtu amekuwa akiniangalia kwa makini kuliko mtu yeyote duniani, na nisingejua mpaka nastaafu kama asingepewa nafasi ya kusema. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka namba saba, naomba uyasome kinyume, ila Nanga abaki mkiani. Mwalimu abaki. Nafasi ya mpiga kelele ifutwe kama alivyopendekeza, na iundwe ya mkunja magoti, ambayo naiomba rasmi kwa barua hii hii.

Naomba pia kibali cha kuvaa kaptula siku ya Jumamosi. Dada yako kitambaa anacho na vipimo vyangu anavijua. Nanga anasema hii suruali ya kazi, kwa upana wake, imekuwa ikimpa shida tangu mwaka wa kwanza, ila hakujua amwambie nani.