Magunia ya Maranda

Jumatatu, 7 Aprili

Redio imesema mvua kubwa inaanza Alhamisi. Mercyline, mwenyekiti wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa mtaani Soweto West, ametupitia mlango kwa mlango. Kila nyumba izibue mtaro wake. Vitu viinuliwe. Watoto wasiachwe peke yao. Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Mwaka jana maji yalitufika magotini. Jirani yangu Khamala, baba yake Austin, alilitoa godoro letu amelibeba kichwani mbele ya watu wote, na hadithi hiyo bado inasimuliwa. Binti yetu Bridgit, ana miaka saba, alikohoa wiki tatu. Sijasahau hayo mawili. Nikisema ukweli, ninalolifikiria zaidi ni godoro.

Mwaka huu nimejipanga. Mimi ni fundi wa mbao. Pale ninapofanyia kazi, karibu na Nyayo Highrise, maranda ya mbao yamerundikana kama kilima. Watu hujaza magunia mchanga wakavunjika migongo. Mimi nitajaza maranda. Ni mepesi na hayana mwenyewe. Ajabu hakuna aliyewahi kufikiria.

Jumanne, 8 Aprili

Magunia kumi na manne. Nimeyapanga mbele ya mlango, ukuta wa kufika kiunoni, nikaacha nafasi ya kupita kwa ubavu. Mke wangu Nabalayo ameutazama akiwa na sufuria mkononi. Akauliza, maranda yakilowa huwa yanakuwaje. Nikamwambia yeye apike. Amesonga ugali kwa nguvu kuliko kawaida.

Khamala hana gunia hata moja. Ni fundi wa viatu, na nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja wa mabati. Nikipiga chafya, yeye huniambia pole. Ameshinda akichota tope kwenye mtaro, kipande chake, halafu bila kuulizwa akaanza changu. Nikamwambia aache. Akasema maji hayajui mpaka. Maneno ya mtu anayejiandaa kuwa shujaa tena.

Jioni nikapata wazo la pili. Mtaro unatoka juu, unapita kwangu, unapita kwa Khamala, unashuka mtoni. Nikiuziba pembeni mwangu, maji yatavuka njia yapite upande wa pili. Upande wa pili kuna kibanda cha omena cha Adhis tu, na Adhis kazi yake ni samaki, maji si mageni kwake. Nimezamisha gunia la kumi na tano. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi nimekuta gunia limetolewa. Limeegemezwa ukutani kwangu kwa adabu, kama mlevi aliyerudishwa kwao. Nimelirudisha. Saa nne nimekuja kuchukua msumeno, limetolewa tena. Khamala alikuwa ameketi akishona kiatu. Akanisalimu, niaje Wanzala. Nikasema poa. Gunia halikutajwa. Mara ya tatu nimelipigilia vigingi viwili kwa misumari ya inchi sita. Sasa alitoe.

Mawingu yamekuja kutoka upande wa Ngong, yakasimama. Hakuna upepo. Kuku wa Adhis wamekataa kutoka. Hapa hakujanyesha hata tone, lakini mto umegeuka rangi. Mercyline anasema kumenyesha huko juu. Ametaka sisi wa karibu na mto tuhamie kanisani kuanzia kesho asubuhi.

Nabalayo amefunga nguo za Bridgit kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia azifungue. Tukienda kanisani, Khamala atasema ukuta wangu ni urembo.

Akasema, "Wanzala, mimi simwogopi Khamala. Naogopa maji."

Hakuzifungua.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa saba mchana. Imeanza. Inapiga mabati hadi hatusikiani. Nimechungulia: ukuta umesimama, ndani kukavu. Mtaro umegeuka vizuri, maji yanavuka njia kama nilivyoyaagiza. Nabalayo anasema tuondoke sasa hivi. Nimeomba saa moja tu, ajionee. Nimefunga mlango. Nataka Khamala akipita atukute tumeketi, tunakunywa chai.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandikia kanisani. Daftari lilikuwa ndani ya shati, ndilo pekee nililookoa.

Niliyangoja maji mbele. Yalikuja nyuma. Mto ulipanda ukaingia chini ya mabati ya ukuta wa nyuma, polepole, hata sikuona. Bridgit ndiye aliyesema kwanza: viatu vyake vinatembea.

Nikaenda kufungua. Mlango wetu hufungukia nje, niliutengeneza mwenyewe. Ukasogea upana wa kidole, ukakwama. Maranda yalikuwa yamekunywa maji. Magunia yamevimba, ukuta mzima umeulalia mlango. Nikasukuma kwa bega. Nikageuka nikasukuma kwa mgongo. Dirisha letu lina vyuma, nilivitia mwenyewe pia, kwa ajili ya wezi. Maji yakafika magotini.

Tukamweka Bridgit juu ya meza. Halafu tukaweka kiti juu ya meza, tukampandisha huko. Akaanza kukohoa. Nabalayo akavuta pumzi amwite Khamala, na mimi nikamshika mkono. Nikamwambia angoje kidogo, nitapata njia.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilimzuia mke wangu kuita msaada, maji yanapanda, mtoto yuko juu ya kiti, kwa ajili ya godoro la mwaka jana.

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Akautoa mkono wake, akachukua sufuria, akaupiga ukuta wa mabati kwa nguvu zake zote.

"Baba Austin, tunakufa huku."

Jibu lilikuja papo hapo, kama mtu aliyekuwa amesimama pale pale akingoja kuitwa. "Mama Bridgit, mtoe mtoto karibu na ukuta."

Tukasikia nyundo. Misumari iling'oka mmoja mmoja. Maji yalikuwa kiunoni, baridi, yana vijiti na ndala za watu. Meza ikaanza kucheza. Nikaishika kwa mikono miwili, na Nabalayo akamshika Bridgit miguu. Bati likakunjika. Mkono ukapenya, halafu bega, halafu kichwa cha Khamala, tope hadi masikioni.

"Mtoto kwanza," akasema.

Nikampa mtoto. Halafu Nabalayo. Zamu yangu ilipofika shimo lilikuwa dogo, Khamala akanivuta kwa mkanda wa suruali. Mercyline alikuwa amefika. Aliona yote.

Kwa Khamala maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Alikuwa ameinua sakafu yake, na kipande chake cha mtaro kilikuwa wazi. Yaliyoingia yalitoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Kibanda cha Adhis hakipo. Hata vigingi vyake havipo. Adhis ameketi kwenye benchi la mbele, mikono imelala mapajani. Sijawahi kumwona akiwa hana cha kushika.

Mercyline ameleta gunia kanisani, likiwa bado na vigingi vyake, akaliweka katikati. Ameuliza ni la nani. Maranda ni ya fundi wa mbao, na kwenye ploti yetu fundi wa mbao ni mmoja. Nimesema maji hubeba vitu vingi. Akauliza kama hubeba na nyundo.

Watu wakanigeukia mimi. Halafu wakamgeukia Khamala, maana kama kuna aliyeona ni yeye. Khamala akakuna kidevu. Akasema tumjengee Adhis kwanza, mambo ya gunia tutayazungumza kukikauka. Nabalayo akasimama akasema Wanzala ataleta mbao. Sikuulizwa.

Wakati wa kutoka Adhis alinishika kiwiko. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningehamisha omena."

Hayo yalinichoma kuliko ule mkanda. Niliketi nyuma ya kanisa peke yangu, nikajiona mtu wa ovyo kabisa. Kama nusu saa hivi.

Jumatano, 16 Aprili

Kawangware. Nasambu, dada yake Nabalayo, ametupa kona ya chumba chake hadi kwetu kukauke. Kibanda cha Adhis tumekijenga mimi na Khamala, siku mbili. Yeye alishika mbao, mimi nikapigilia. Tumekiweka juu ya miguu ya simenti. Hatukugombana. Nabalayo ameanza tena kuzungumza nami, maneno mawili mawili. Kifua cha Bridgit kinapona. Leo wameenda kliniki kuhakikisha.

Nimebaki peke yangu nikiitazama hii ploti anayoishi Nasambu. Vyumba kumi vimezunguka uwanja mmoja wa saruji, na kila tone linaelekea kwenye tundu moja kwenye kona, linatokea nje chini ya ukuta. Nimelichunguza tundu hilo asubuhi nzima. Mahali maji yanapotokea, ndipo yanapoweza kuingilia. Kwa nini hakuna anayeliona hili? Mwenye ploti, mzee Ndegwa, amepita nikamdokezea. Akasema tundu liko hapo tangu ajenge na halijamsumbua mtu. Ndivyo wasemavyo watu wasiowahi kukutana na maji uso kwa uso. Mimi nimekutana nayo.

Simenti ilibaki kidogo kwenye mkoba wangu wa kazi. Nimeliziba lote, nikasawazisha kwa mwiko hadi huwezi kujua palikuwa na tundu. Sasa ni saa tisa, mawingu yameteremka, na matone ya kwanza yanapiga saruji. Wapangaji wote wako kazini. Watarudi wakute vyumba vikavu, na hawatajua wamshukuru nani.

Nitawaambia.