Koo Langu Halipanuliwi Mara Mbili

Masoko, Rungwe
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Daktari Rodrick,
Chumba cha Kamera, Mbeya Mjini

Mheshimiwa Daktari, mjukuu wangu,

YAH: KUKATAA KURUDI KUPANULIWA KOO

Salamu zikufikie hapo ulipo. Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha kama kawaida yake na ndizi zimekomaa. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma hadi darasa la nne, lakini la nne la wakati wetu lilikuwa na fimbo, kwa hiyo utausoma mwandiko wangu vizuri kuliko mimi nilivyousoma wako.

Mimi ndiye yule bibi uliyempitisha mpira wenye kamera mdomoni ukakuta koo la chakula limebana. Umenipa siku ya kurudi ulipanue tena. Nimefikiri, nimesali, na jibu ni kwamba sirudi. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, maana ninyi wasomi bila namba hamsikii.

1. Hilo neno kubana silipendi. Kwetu hakuna mwenye koo dogo. Marehemu mama yangu alikuwa anameza nyama huku anagombeza watu, nyama inashuka, maneno yanapanda, wala havigongani njiani. Wewe ukaniambia chanzo ni kiungulia, kwamba tindikali ya tumbo imekuwa ikipanda miaka na miaka, inaunguza, panapona, inaunguza tena, mpaka pakawa na kovu, na kovu likajivuta kama ngozi ya mtu aliyeungua moto. Haya. Kiungulia ninacho tangu mimba ya Ezron, na Ezron mwenyewe sasa ana kipara. Lakini kiungulia ni cha kila mtu! Unaramba magadi kidogo, kinatulia, unarudi shambani. Kama hiyo ndiyo sababu, andaa viti, wilaya nzima inakuja.

2. Puto. Ulisema umeingiza puto kooni, ukalijaza, likapanua pale palipobana. Daktari, puto tunalijua, linafungwa kwenye turubai la harusi. Nilipozinduka nikaomba unionyeshe, ukacheka. Mzee akiuliza kilichoingia mwilini mwake hachekwi. Hata hivyo nilipofika nyumbani nilikula ndizi za nyama bila kuzisukuma kwa maji, nikasema ndaga fijo, asante sana, Mungu akuzidishie. Shukrani hiyo siifuti. Ila nimesoma kwenye karatasi yako kwamba kovu lina tabia ya kujivuta, kwa hiyo nirudi, na pengine nirudi tena. Kazi gani hiyo? Fundi seremala alinitengenezea mlango zamani, hajarudi kuupanua hata siku moja, na gunia la viazi linapita. Tena kile kinyama ulichokikata kukipima, majibu yamesema si saratani. Sasa kama si saratani, haraka ya nini?

3. Hapa ndipo penye uchungu wangu, soma polepole. Uliniagiza nikate tonge dogo, nitafune mpaka liwe uji, ninywe maji kidogo, ndipo nichukue lingine. Wewe unakula sahani yako peke yako, mezani, na kisu. Sisi msibani tunakula wanawake watano sinia moja. Anayetafuna mpaka iwe uji, akiinua macho anakuta sinia inaoshwa.

Basi kwenye msiba wa kaka yake Elina, jirani yangu na rafiki yangu tangu tuko wasichana, nikaona nitaaibika. Nikachukua nyama nikameza kama watu wengine. Ikagoma katikati ya kifua. Haipandi, haishuki, mate yanajaa mdomoni. Nikainuka, nikaenda nyuma ya migomba, nikaitema huko. Kumbe Elina ananitazama. Akasema mbele ya akina mama wote kwamba Subilaga ametema chakula cha msiba, kwamba bado ana kinyongo cha ule ugomvi wetu wa mpaka wa migomba, na kama ni hivyo asingekuja kutulilia machozi ya uongo.

Utaniuliza kwa nini sikumweleza. Nimweleze nini? Huku ukitamka neno koo, watu wanasikia saratani, kesho yake wanakuja kukuangalia huku wanakupimia sanduku kwa macho. Tangu hapo Elina hanisalimii. Sisi tulikuwa tunaitana juu ya ua kila asubuhi kabla hatujanawa uso, tunagombana, tunacheka, ndipo siku inaanza. Sasa asubuhi yangu ni ya kuku tu. Nao kuku hawana habari yoyote.

4. Kitanda. Umesema niinue kichwa cha kitanda kwa matofali ili tindikali isipande. Nimeinua. Ninaanza kulala juu kama mtu wa heshima, kukikucha niko miguuni nimejikunja, kama kiazi kilichoporomoka kwenye mteremko wa Isongole. Mchungaji alipokuja kunitembelea akayaona yale matofali, akauliza kama nyumba inazama. Tena nisilale mara baada ya kula! Tukishakula, Daktari, tukae tunalinda nini?

5. Chai. Umeniandikia niiache ipoe. Mtu ambaye mashamba ya chai yanaanza karibu na mlango wake, na baridi hii ya Rungwe, anywe chai ya vuguvugu? Ni kama kumwambia mtu wa ziwani asioge.

6. Ya sita nilikuwa nayo kanisani, imenitoka. Ilikuwa kali kuliko zote.

Basi, kwa kuwa nikirudi utanipa masharti yale yale, na masharti hayo yamenipotezea Elina, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo. Kwanza, uniandikie barua yenye mhuri mkubwa, nitaivaa shingoni misibani, isomeke: Bibi huyu hajakataa chakula chenu, ni koo lake. Ikishindikana, uagize kata nzima ya Masoko itafune polepole, na atangulie mtu na kipaza sauti kuwahimiza kwenye kila sinia. Na hilo likishindikana, basi uwabane na wengine makoo yalingane na langu, tuwe sawa, asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole. Uanze na Elina. Huyo koo lake ni pana mno, ndiyo maana maneno yanamtoka ovyo.

Mpaka hapo utakaponijibu, dawa ya asubuhi ninaimeza kabla ya kula, kwa sababu nimeamua mwenyewe, si kwa sababu umesema. Lakini kwenye hicho kitanda chako cha kamera hunioni tena. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, nimelea watoto na watoto wao, siwezi kuwa ninaletwa na kurudishwa kama pampu ya baiskeli ya kuazimwa.

Msalimie nesi Belinda aliyenishika mkono wakati wa sindano, mwambie mikono yake ina baraka ila kucha azikate. Msalimie mlinzi wa getini, aache kuwaita wazee "oya". Msalimie mama yako popote alipo, mwambie mtoto amemlea vizuri, anahitaji kuongezwa nyama mashavuni.

Ni mimi bibi yako niliyekasirika kwa haki,

Subilaga Mwaikenda

Nakala: Mchungaji, Mwenyekiti wa Kitongoji.

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, leo Jumanne. Niko kwenye benchi nje ya mlango wako, kanga ya kijani. Jana mchana hata uji wa ulezi ulikwama, nikakohoa mpaka Elina akasikia akaruka ua, na umri ule! Akanikuta nimeinama, mate yananitoka, kikombe kimemwagika. Nikamwambia yote, kovu, puto na ile nyama ya msibani. Alinigombeza mpaka jioni, akanifungia nguo mwenyewe, na alfajiri tukapanda gari wote wawili. Sijatia kitu mdomoni tangu jana usiku, kama ulivyoagiza kwenye karatasi. Puto na liwe lile kubwa. Ila uniite mapema, Daktari, maana Elina naye amegoma kula mpaka nitoke, na huyo akiwa na njaa ana mdomo mbaya, ameshaanza na mlinzi.