Uzinduzi wa Wingu la Kumbukumbu za Vitambulisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wanaowakaimu hao makaimu. Mabibi na mabwana wa kaunta namba moja hadi namba sita. Fundi wetu wa kompyuta, uliyekosa kiti. Mama mkwe wangu mpendwa, pale safu ya mbele, shikamoo mama (mama mkwe anaitikia kwa kidevu). Na ninyi wananchi mliokuja na shida zenu mkaambiwa muingie kwanza ukumbini mjaze viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanane.)

Leo mimi, Naibu Mkurugenzi Mwandamizi wa Ofisi ya Vitambulisho, nasimama mbele yenu kuzindua rasmi, kimkakati na kwa mtazamo jumuishi, Wingu la Kuhifadhi Nakala Rudufu za Kumbukumbu za Mfumo wa Utambulisho. Kwa lugha ya mtu wa kawaida: kila mtumishi anapofungua mfumo wetu, mfumo wenyewe unaandika nani kaingia, saa ngapi, kagusa faili la nani. Maandishi hayo ndiyo kumbukumbu. Nakala yake tunaiweka mbali, kwenye mitambo ya mtandaoni iitwayo wingu, ili hata jengo hili likiungua, ukweli usiungue. (Fundi wa kompyuta anaangalia viatu vyake.)

Wapo wanaouliza, kumbukumbu za zamani ziko wapi. Swali zuri. Mashine iliyozitunza ilichomolewa kwenye umeme mwezi wa tatu kupisha birika la chai la kikao cha usalama wa mfumo, na ilipochomekwa tena ikagoma kuwaka. Hiyo ni changamoto, na changamoto ni fursa ambayo haijaundiwa kamati. Sisi tuliiundia. Kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda semina siku tisa, na hivi ninavyozungumza utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Sauti kutoka nyuma: "Hiyo nne imetoka wapi?") Hiyo nne, ndugu yangu, ni ari.

(Mwanamke mmoja, mshonaji nguo, anasimama na kanda ya kupimia shingoni. "Samahani mheshimiwa. Mfumo wenu unasema mimi nimekufa. Kliniki wameninyima dawa za presha, wanasema marehemu hatibiwi. Hapa kaunta wananiambia hawanirudishi mpaka ionekane kwenye kumbukumbu ni nani aliyeniandika. Miezi mitano nasubiri, na kichwa kinaniuma hata sasa.")

Pole sana mama, na hongera kwa kufika ukiwa katika hali hiyo. (Kicheko, mshonaji hacheki.) Umekuja siku yenyewe. Mimi si kiongozi wa kukaa ofisini nikipulizwa na feni. Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nane mchana, karani wa uhakiki akiwa msibani, nilikaa mwenyewe kwenye mashine, nikaingia kwa nywila yangu, nikahakiki mafaili mia mbili kwa dakika arobaini, rekodi ambayo haijavunjwa. Nilibonyeza kitufe kile kile kimoja mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa uongozi wa namna hiyo, aliyekuandika umekufa hana pa kujificha. Tutampata, na ninaahidi mbele ya hadhira hii kwamba siku hiyo hiyo ataandika barua ya kuacha kazi, kwa mkono wake. (Makofi, sasa ya ukumbi mzima.)

Sasa tujaribu kauli mbiu. Nikisema "Kumbukumbu zetu", mnajibu "Ziko salama". Kumbukumbu zetu! (Watu watatu: "Ziko salama." Mmoja: "Wapi?")

Kabla sijakata utepe, shukrani. Namshukuru seremala aliyetengeneza kabati hili zuri mnaloliona limefunikwa kitambaa, ambalo kwa sasa ndani lina nafasi ya kutosha. Naishukuru kampuni ya wingu, ambayo tutaiandikia barua mara tu tutakapojua inaitwaje. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama mkwe wangu, karani mstaafu wa masijala na msimamizi wa kundi la simu la familia yetu, kwa kuwa katika kipindi cha mpito cha miaka miwili nilikuwa naipiga picha skrini ya kumbukumbu kila jioni na kuituma kwenye kundi hilo, na hilo ndilo wingu pekee tulilowahi kuwa nalo, mpaka mama aliponitoa kundini, naamini kwa sababu picha zilikuwa nyingi mno.

(Mama mkwe anasimama, anavaa miwani, anatoa simu kwenye mkoba. "Picha hazikuwa nyingi, mkwe wangu. Nilizisoma zote, na ninazo. Hii hapa Jumanne, mwezi wa pili, saa nane mchana. Aliyeingia ni wewe. Mafaili mia mbili, na kila moja: amefariki, amefariki, amefariki. Huyu mama mshonaji ni wa thelathini na mbili. Wa mia na sitini ni mimi.")

Mama, hilo tutaliundia…

("Usiunde kitu. Kaa hapo umwandikie huyu mama barua ya kliniki, kwamba yu hai. Ukimaliza, andika na ile nyingine uliyoahidi.")

Naam, mama. Ndugu wananchi, kwa kuwa muda hauko upande wetu, nafunga kwa kauli mbiu yetu. Kumbukumbu zetu!

(Ukumbi mzima, kwa sauti moja: "Ziko kwa mama mkwe.")

Asanteni kwa kunisikiliza. Fundi, niazime kalamu.