Ng'ombe wa Baba Hawahesabiwi

Jumatatu, 5 Machi 1956
Habari imefika Mgori. Serikali itamsomesha mtu mmoja ualimu wa hesabu na sayansi, bure. Sharti: akimaliza apelekwe shule isiyo na mwalimu. Mmoja tu, nchi yote hii! Kitinda mimba wangu, Selina, anaitaka nafasi hiyo mpaka ugali haupiti. Akiikosa, mama yake kashasema, ataolewa na Simeoni muuza chumvi. Jirani yangu Naftali anatamba kuwa nafasi ni ya mwanawe Kefa. Tutaona.

Jumatano, 7 Machi
Nimepeleleza. Bwana Elimu, yule Mzungu atakayewasaili, huuliza hesabu za ng'ombe. Mtego! Ng'ombe hawatajwi idadi, wanakufa. Wasipokufa, anakuja karani wa kodi. Nimemwapisha Selina asihesabu ng'ombe wa mtu yeyote, hata wa kitabuni. Kisha nikamnong'oneza Kefa kwamba Mzungu humpenda anayetaja ng'ombe wote wa baba yake. Akanishukuru, shikamoo mara mbili. Mjinga mzuri yule.

Ijumaa, 9 Machi
Nilijibanza dirishani pa chumba cha usaili. Kefa akaulizwa kwao wapo ng'ombe wangapi. Arobaini, akajibu, bila hata kumeza mate. Mzungu akatabasamu! Roho ikaniwaka. Naftali awe na arobaini, mimi nionekane kapuku? Nikapaza sauti: "Mimi ninao hamsini na mmoja!" Karani wa kodi alikuwa nyuma yangu, anajisaidia kwenye ua wa minyaa.

Zamu ya Selina. Baba ana ng'ombe kumi na wanane, sita wamekufa, wamebaki wangapi? Kimya. Mzungu akakunja uso. Nikajua nimeshamwoza kwa Simeoni kwa mkono wangu mwenyewe. Ndipo aliposema, polepole: "Ng'ombe wa baba sihesabu, bwana. Na watoto wa huko porini ukiwauliza hivyo watanyamaza vilevile, utadhani ni wajinga. Niulize mawe."

Akaulizwa mawe. Akajibu yote, mpaka ya kugawanya. Mzungu akaweka kalamu chini, akasema miaka yote hiyo amekuwa akiwapa sifuri watoto wa namba hii.

Nafasi ni ya Selina! Nimemwambia Naftali ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Jumatatu, 12 Machi
Karani kaja kuwaona hamsini na mmoja. Kakuta tisa. Anataka kujua wengine nimewaficha wapi.

Selina kaondoka na lori la misheni. Akimaliza atafundisha Kintinku, kwa Wagogo! Mimi nilidhani shule isiyo na mwalimu ni hii yetu, ambako mchungaji anafundisha kuzidisha kwa kuimba. Nikamfuata Bwana Elimu. Akasema shule yetu haijaomba, na ombi sharti liletwe na mwalimu wa hesabu.

Basi kesho naanza kufundisha mimi. Hesabu nilifika darasa la pili. Sayansi sijui ni kitu gani, lakini watoto nao hawajui. Nani atanikosoa?