Kibanda Juu ya Mfereji

Jumatatu, 5 Mei
Balaa. Mtu wa kaunti kapita leo na kipaza sauti. Wananchi watoe maoni, mfereji wa kale wa hapa kwetu Likoni ufufuliwe au usifufuliwe. Mkutano Jumatatu ijayo. Nusu ya mfereji wenyewe imejaa udongo, na juu ya udongo huo ndipo kilipo kibanda changu cha kunyoa. Miaka kumi na moja! Kioo, kiti cha kuzunguka, wateja wa kudumu. Wakichimba, mimi Boga nimekwisha.

Hashim muuza kahawa asema babu zake ndio waliouchimba. Mimi nasema aliyeanza kuufukia alikuwa na akili zaidi.

Jumanne, 6 Mei
Dawa nimeipata. Waraka wa sahihi. Nikimpelekea afisa sahihi mia mbili za watu wanaotaka mfereji umaliziwe kufukiwa, atasema nini? Nimekwenda kwa Riyadh mchapaji, nikamtajia maneno naye akipiga: sisi wakazi twaomba mfereji wa kale ufukiwe wote, haraka. Akaniuliza mara mbili nimesemaje. Nikamwambia apige tu, aache udadisi. Sikuusoma. Maneno ni yangu, nisome nini?

Alhamisi, 8 Mei
Watu watia sahihi kama wanaogawiwa sukari! Sina haja ya kueleza. Nasema ni habari ya mfereji, wanasoma, wananipa mkono. Hata Mwende fundi cherehani, aliyeninunia tangu nilipomnyoa mwanawe mabaka, kasema kumbe nina utu. Sahihi themanini na sita kabla ya adhuhuri.

Mtihani ulikuwa Bi Mwanabibi. Mjane, nyumba yake iko nyuma ya kibanda changu, na kila mvua maji hukosa njia yakaingia kwake hadi uvunguni mwa kitanda. Miaka yote ananilaumu, wala hajakosea. Sikumpelekea waraka. Aliuomba mwenyewe. Akausoma polepole, akatia sahihi, akafuta machozi. Jioni kaniletea mahamri na mbaazi. Nimemshinda! Ila mbaazi sikuzimaliza.

Jumamosi, 10 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimemsaidia Bi Mwanabibi kutoa godoro, nimelibeba kichwani, maji magotini. Kaniombea dua ndefu. Niliona haya, wallahi. Nikataka kuuchana waraka. Halafu nikafikiri, nikikosa kibanda nitakula nini? Sahihi mia mbili na tatu.

Jumatatu, 12 Mei
Afisa kausoma waraka wangu mbele ya watu wote. Ufukuliwe. Karatasi yasema ufukuliwe! Nikasimama kusema hapana, ni ufukiwe. Watu wakadhani nasimama kupokea shukrani, wakapiga makofi hadi sauti yangu ikapotea. Nikamfuata Riyadh pale nyuma. Akaapa kwamba alisikia ufukuliwe, na hata angesikia vingine angenisahihisha, maana ni mwendawazimu gani aombe ufukiwe.

Afisa akasema hajapata kuona mtu anayetoa riziki yake kwa ajili ya majirani. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Kazi ya kwanza ya kamati ni kuondoa kibanda changu.

Bi Mwanabibi kanishika mkono akaniita mwanangu. Nikaitika, labeka mama.

Jumamosi, 21 Juni
Kibanda kimekwenda. Misumari niliing'oa mwenyewe, na nililia, sioni haya kuandika. Sasa nanyoa barazani kwa Bi Mwanabibi, na kodi hataki hata kuisikia. Wateja wote wamenifuata, na wapya wamekuja. Jana ilinyesha kutwa. Maji yakapita mferejini kwa adabu, nyumba ikabaki kavu. Kaniita ndani nikaone uvungu wa kitanda. Vumbi tupu. Nilifurahi kwelikweli.

Mtu mwingine angetulia hapo. Lakini leo nimewatazama akina mama wakiruka mfereji, leso mkononi, nikaona watu wana shida. Sheria inakataza kujenga ndani ya mfereji. Juu ya maji haikusema kitu, na mwenyekiti ni mimi. Nitawajengea daraja. Pana kidogo. Lenye paa la mabati, dirisha upande wa barabara, na mlango wa kufunga kwa kufuli.