Sakafu ya Mama Dorothée

Védaste alipomwona Mama Dorothée wa Kibabi amepiga magoti katika bafu lake jipya, akisugua saruji isiyotaka kung'aa, alijua kwamba Mungu hajamsahau. Alikuwa na shida moja tu, ila kubwa. Papa Karangwa wa Bweremana, baba wa Uwamariya, alikuwa amemkataza kurudi kumposa binti huyo akiwa mikono mitupu.

"Maneno yako nilishakula, nikashiba," mzee alimwambia. "Leta kitu chenye naweza kutafuna."

Na Mama Dorothée alitengeneza jibini iliyosifiwa hadi Goma.

"Mama, hii sima ya sakafu itakupatisha haya mbele ya wageni," Védaste alisema, akiinua mkebe wenye maandishi ya Kifaransa. "Mimi niko na peinture ya mahoteli. Hata maji inaiogopa."

"Bei?"

"Fromage mbili."

"Moja."

"Moja ya peinture, moja ya mukono yangu. Mama, na mukono nayo inakulaka!"

Rangi ya kweli kutoka mjini ingemgharimu Mama Dorothée jibini nyingi zaidi. Aliona kijana huyu ni mjinga, na mjinga akipita mlangoni si vizuri kumwacha aende bure. Akakubali.

Ndani ya mkebe kulikuwa na chokaa na udongo mwekundu wa kilimani. Kwa lugha ya kitaalamu, matope. Bahati mbaya yalikuwa mazito mno. Védaste akakohoa kwa huzuni.

"Mama, harufu ya peinture inakata kifua. Siye mafundi tunakunywaka maziwa."

Hilo kila mtu analijua. Mama akaleta jagi zima, na alipogeuka tu, maziwa yote yakaingia mkebeni. Rangi ikawa laini. Védaste akapaka kuanzia kona ya mbali akirudi nyuma kuelekea mlangoni, huku akiimba wimbo wa kanisa.

"Mutu asikanyage mbele ya yenga," alionya. "Peinture nzuri haipende haraka."

Jumapili, bila shaka, angekuwa mbali.

Alipokwenda kunawa, paka wa nyumbani aliingia bafuni, akafumba macho, akaanza kulamba sakafu.

Mama Dorothée alimwona, akakumbuka jagi la maziwa. Aliingia katika chumba chake cha jibini, akakaa kidogo, akatoka na mabonge mawili ya mviringo, ya manjano, yamepakwa nta, yamefungwa kwa majani ya ndizi.

"Usikate mbele ya yenga," alisema kwa upole. "Fromage nzuri haipende haraka."

Védaste alipopima mkononi uzito wa jibini hizo, karibu amwonee mama huruma.

Jumapili, mbele ya wajomba wote, Papa Karangwa aliombea chakula kwa muda mrefu, kisha akashika kisu. Kisu kikateleza. Akakandamiza. Kikavunjika. Chini ya nta kulikuwa na zege, lile ambalo watengeneza jibini huliweka juu ya maziwa yaliyoganda ili kukamua maji. Uwamariya alifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakatikisika.

"Kijana," mzee alisema, "nilisema kitu ya kutafuna. Njo unaniletea nyumba?"

Jumapili hiyohiyo, Mama Dorothée alibeba maji na ufagio aondoe aibu yake. Akamwaga, akasugua. Rangi haikutoka. Chokaa na maziwa vilikuwa vimeshikana vikawa kama jiwe, jekundu, linang'aa kama kiatu cha mchungaji. Akaketi kizingitini. Pengine ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli ya kijana yule, na yeye mama alimlipa mawe.

Kesho yake alimtuma motari, dereva wa pikipiki, amtafute kijana huyo njia nzima, naye akamkuta Védaste ufukweni mwa ziwa, Bweremana.

"Mama anasema urudie. Sakafu iko muzuri sana. Fromage zako za kweli ziko zinakungojea."

Védaste alitabasamu. Alijua vizuri alichotia katika ule mkebe.

"Sakafu iko muzuri?"

"Njo vile alisema. Hata analia."

"Kaka, ule mama ni mwerevu kabisa. Umuambie mimi siko mutoto."

Akashika njia ya Walikale, kwenda kutafuta watu wanaoamini kila wanachoambiwa.